Miguu ya mtoto wa mbwa inapopinda: kabla ya kumwongezea kalsiamu

*"Daktari, habari za kazi. Mimi ni mkazi wa Buhongwa, hapa Mwanza. Nina mbwa dume, chotara wa German Shepherd, mwenye wiki 13, ambaye nilimchukua akiwa na wiki 7. Anakula ugali wa sembe na supu ya mapanki (mabaki ya sangara baada ya minofu kuondolewa) mara mbili kwa siku, na asubuhi anakunywa maziwa ya ng'ombe, ingawa mara nyingi yanamharisha. Wiki mbili hizi nimeona miguu ya mbele inapinda kwa nje na vifundo vinalala anaposimama. Tumbo limejaa lakini mbavu naziona. Jirani yangu amenishauri nimpe vidonge vya kalsiamu na nimtoe kwenye jua la asubuhi, nami nimeanza siku nne zilizopita, vidonge viwili kwa siku. Mwingine anasema nisimpe kabisa nyama wala samaki kwa sababu atakuwa mkali kupita kiasi, na wa tatu anasema nimtilie pilipili ili awe mlinzi mzuri. Chakula cha dukani sikimudu mwezi mzima. Nimlishe nini ili akue vizuri?"*

Ndugu msomaji, kabla ya maelezo yoyote naomba ufanye jambo moja leo hii: acha vidonge vya kalsiamu. Sisemi hivyo kukutisha, kwani vidonge viwili kila siku, kwa siku nne tu, huenda havijamdhuru sana. Nasema hivyo kwa sababu tunakwenda kubadili chakula chake kiwe na kalsiamu ya kutosha chenyewe, na kuongeza vidonge juu ya chakula hicho ndiko kunakoweza kuleta madhara. Zaidi ya hayo, vidonge vingi vya binadamu vimechanganywa na vitamini D, ambayo ikizidi mwilini huifanya kalsiamu ijikusanye kwenye figo, na baadhi ya vile vya kutafuna hutiwa utamu usio sukari uitwao zailitoli, ambao ni sumu kali kwa mbwa hata kama kwa mtu hauna neno.

Jirani yako hakukosea kabisa. Ameona mifupa inayosumbuka akafikiri upungufu wa kalsiamu, na kwa chakula ulichokitaja upungufu huo upo. Alichokosea ni kudhani kwamba mfupa hujengwa na kalsiamu peke yake, kama vile mtu angedhani nyumba hujengwa kwa saruji bila mchanga, maji wala fundi. Mfupa wa mtoto wa mbwa huanza kama gegedu laini lililosukwa kwa protini, na ndani ya msuko huo ndimo kalsiamu na fosforasi hujipanga pamoja na kuwa kitu kigumu. Urefu huongezeka karibu na ncha za mfupa, kwenye tabaka jembamba la gegedu ambalo kwa mbwa wa ukubwa wa wako hufunga akikaribia mwaka mmoja. Wakati wote huo tabaka lile ni laini, na linabeba uzito wa mwili unaoongezeka kila wiki.

Kalsiamu na fosforasi hufanya kazi kwa uwiano. Mtoto wa mbwa anahitaji kalsiamu iliyozidi fosforasi kidogo, takriban sehemu 1.2 kwa 1. Mahindi yana kalsiamu kidogo mno, na fosforasi yake nyingi imefungwa katika umbo ambalo tumbo la mbwa haliwezi kulifungua vizuri. Nyama tupu ina fosforasi nyingi inayopita kalsiamu mara 15 hadi 20. Kalsiamu inaposhuka katika damu, tezi ndogo za parathiroidi zilizoko shingoni huamuru mwili uichukue kutoka mahali ilipohifadhiwa, yaani kwenye mifupa yenyewe, kwa sababu moyo na misuli haviwezi kufanya kazi bila kalsiamu kwenye damu. Mbwa anaendelea kucheza na kula, damu yake ukiipima inaonekana sawa, huku mifupa ikiwa inatafunwa kwa ndani. Nimewahi kuletewa mtoto wa mbwa wa miezi minne aliyelelewa kwa mapenzi makubwa kwa minofu mitupu ya nyama ya ng'ombe, ambaye alivunjika mguu kwa kuruka tu kutoka kwenye kochi. Mwenyewe aliumia sana, kwa kuwa alikuwa akitumia fedha nyingi kumpa kile alichoamini ni bora kuliko vyote.

Upande wa pili una hatari yake. Mbwa mzima akipewa kalsiamu nyingi, utumbo wake huipunguza kwa kuacha kuifyonza. Mtoto wa mbwa katika miezi yake ya kwanza hana uwezo huo kamili, kwa hiyo sehemu kubwa ya unachomwongezea inaingia mwilini atake asitake. Tafiti zilizofanywa Utrecht, Uholanzi, katika miaka ya 1980 kwa watoto wa mbwa wakubwa wa aina ya Great Dane zilionyesha kwamba waliopewa kalsiamu nyingi walipata ulemavu wa mifupa na kupinda miguu, yaani ugonjwa uleule ambao watu huwapa kalsiamu ili kuuzuia. Kalsiamu iliyozidi huzuia pia madini ya zinki yasifyonzwe, na mbwa anayekula mahindi kwa wingi tayari anayapata kwa shida. Upungufu huo huanza kuonekana kama magamba kuzunguka macho, mdomo na nyayo. Ndiyo maana siwashauri wasomaji wangu kununua chokaa ya mifugo wala DCP ya kuku (unga wa madini ya kalsiamu na fosforasi) na kuinyunyiza kwenye bakuli kwa kukadiria.

Kuhusu jua, hili ni kosa la heshima kabisa, kwa sababu kwa binadamu ni kweli. Ngozi ya mtu hutengeneza vitamini D inapopigwa na jua, lakini ngozi ya mbwa hutengeneza kidogo mno kiasi cha kutomsaidia. Mbwa huipata vitamini hiyo kwenye chakula: samaki wenye mafuta, ini na kiini cha yai. Mtoe nje acheze, ni vizuri kwa misuli na akili yake, ila usitegemee jua limnyooshe miguu.

Sasa tuliangalie bakuli lake. Sembe imekobolewa, imebaki wanga, na hata dona lina protini takriban asilimia 9 hadi 10 tu, wakati mtoto wa mbwa anahitaji chakula ambacho kikiondolewa maji kina protini isiyopungua asilimia 22. Ugali wenyewe zaidi ya nusu ni maji. Tumbo lake ni dogo, mahitaji yake kwa kila kilo ya mwili ni takriban mara mbili ya mbwa mzima, na wewe unamjaza mara mbili kwa siku kitu kinachomshibisha kabla hakijamlisha. Supu ya mapanki ina ladha na mafuta kidogo, lakini kalsiamu haiyeyuki kwa wingi kwenye maji ya kuchemshia. Inabaki kwenye mifupa, na mifupa umeitupa. Nalisisitiza hili kwa sababu imani ya supu ya mifupa kujenga mifupa imeenea sana hapa kwetu.

Usiache samaki, badili aina yake. Sisi tunaokaa kando ya ziwa tuna bahati ambayo wafugaji wa mbwa wa mikoa mingine wanaitamani, nayo ni dagaa. Dagaa mkavu huliwa mzima, pamoja na kichwa na miiba yake laini, kwa hiyo kalsiamu na fosforasi huingia pamoja kwa uwiano unaokaribia ule unaohitajika, na zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Kwa umri na uchotara wa mbwa wako nakisia ana kilo 8 hadi 10. Kwa mbwa wa kilo 9, anzia na gramu 150 za unga wa dona, gramu 75 za dagaa wakavu na kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya alizeti kwa siku nzima, ukigawa katika milo mitatu. Ukikosa mizani ya jikoni, mwenye duka la nafaka mtaani hakosi, naye atakupimia mara moja ili uone vipimo hivyo vinajaza kikombe gani. Ongeza yai moja lililochemshwa mara tatu kwa wiki, kipande cha ini kisichozidi ukubwa wa kidole gumba mara mbili kwa wiki, mchicha au boga kidogo, na chembe chache za chumvi yenye madini joto, kwa kuwa samaki wa ziwani hawana madini joto mengi kama wa baharini. Ini lisizidi hapo. Vitamini A iliyomo hujikusanya mwilini, ikawa dhara juu ya mifupa ileile tunayoitibu.

Uandaaji wake nao una mambo yake. Dagaa wengi huanikwa juu ya mchanga wa ufukweni, na mchanga huo mbwa hawezi kuutema. Ukiweza, nunua waliokaushwa kwenye vichanja, na kwa vyovyote vile waoshe kwa maji mengi mara mbili au tatu mpaka chini ya beseni kusibaki mchanga. Kisha watwange au wasage, uwachemshe dakika 20, na umimine unga humohumo upike ugali laini ulioiva sawasawa. Kuwachemsha si kwa ajili ya usafi tu, kwani samaki kadhaa wa maji baridi, wakiwa wabichi, wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na mbwa anayelishwa samaki wabichi wa namna hiyo kwa muda mrefu anaweza kuyumba na hata kupata degedege. Moto hukiua kimeng'enya hicho. Usinunue dagaa wa chakula cha kuku kwa sababu ni wa bei nafuu. Wale ni mabaki, mara nyingi wameloa mvua wakaanikwa tena, na wana mchanga na ukungu. Kayabo, yaani samaki aliyekaushwa kwa chumvi, usimpe, chumvi yake ni nyingi mno kwa mwili mdogo kama wake.

Mahindi nayo yanataka uangalifu uleule. Nasikitika kuona kwamba yale yaliyooza yanachambuliwa na kusagwa kando kuwa "unga wa mbwa". Ukungu wa mahindi hutoa sumukuvu, sumu iliyoua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo kwa haraka zaidi. Ini hufa, macho hugeuka manjano, na wengi huwa hawaponi. Upishi hauiondoi. Mahindi usiyoweza kula wewe, mbwa wako naye hawezi.

Mapanki yenyewe yana matumizi, ila nyama yake tu, iliyochambuliwa kwa vidole. Mifupa ya sangara ni migumu na yenye ncha, na ya kichwa ndiyo mibaya zaidi. Tena sangara wengi huvuliwa kwa ndoana, na ndoana hukatwa uzi ikabaki kooni mwa samaki. Nimeshazitoa ndoana kwenye makoo ya mbwa wa Igogo na Kirumba zaidi ya mara moja. Ikitokea ukaona uzi unaning'inia mdomoni mwa mbwa wako, usiuvute hata kidogo, kwa sababu unaizamisha ndoana. Mlete kliniki na uzi wake ulivyo.

Maziwa ya ng'ombe yanamharisha kwa sababu baada ya kuachishwa ziwa uwezo wa mbwa wa kumeng'enya sukari ya maziwa hupungua, na maziwa ya ng'ombe yana sukari hiyo nyingi kuliko ya mama yake. Acha kumpa maziwa hayo mpaka tumbo litulie. Baadaye unaweza kumpa vijiko vichache vya mtindi usiotiwa sukari, maana sehemu ya sukari hiyo inakuwa imeshaliwa na vijidudu vya kugandisha maziwa. Maji safi yawepo muda wote. Vitunguu vya aina zote, chokoleti na zabibu visifike kwenye bakuli lake, na hapo ndipo makombo ya nyumbani yanapoleta shida, kwa kuwa mchuzi wetu haukosi kitunguu.

Samaki na nyama havimfanyi mbwa kuwa mkali, wala hakuna damu anayoizoea akauma watu. Pilipili nayo haimfundishi ulinzi. Inamchoma tumbo na kumharisha, na mbwa mwenye maumivu ya kila siku huuma kwa sababu ya maumivu. Ulinzi unatokana na malezi, na dirisha kubwa la malezi hayo ni kati ya wiki 3 na wiki 14. Wako amefika wiki 13. Mzoeshe sasa watoto, wageni, bodaboda na kelele za mtaani kwa upole, ukiwa umembeba au umemshika kamba, na umweke mbali na mbwa usiowajua mpaka chanjo zikamilike.

Chakula cha dukani nakisema kwa uwazi: kile kilichoandikwa kwamba ni kamili kwa watoto wa mbwa wakubwa, chenye kalsiamu kati ya asilimia 1 na 1.5, kina uwiano bora kuliko chochote nitakachokuelekeza upike. Chakula cha nyumbani nilichokupangia kinatatua upungufu mkubwa, lakini zinki na vitamini E vinaweza kubaki pungufu. Kwa hiyo ukiweza kumudu sehemu tu, mpe mlo mmoja wa asubuhi wa chakula hicho na milo miwili ya dona na dagaa, hasa katika miezi mitatu ijayo, ambayo ndiyo mifupa yake inakua kwa kasi zaidi. Epuka kununua kile kinachopimwa kutoka kwenye gunia lililokaa wazi dukani, kwa sababu mafuta yake huchacha na hujui kilifunguliwa lini. Hela ikikosekana kabisa, usijilaumu. Dona na dagaa waliopikwa vizuri ni bora kuliko chakula cha bei ya chini kilichochacha.

Badilisha chakula kidogo kidogo kwa siku saba, ukianza na robo ya kipya na robo tatu ya kile alichozoea. Milo iwe mitatu mpaka afikishe miezi sita, kisha miwili. Vipimo nilivyokupa ni vya kuanzia. Mkono wako ndio utakaovirekebisha. Pitisha vidole juu ya mbavu zake: zikihisika kama migongo ya vidole vyako ukiwa umekunja ngumi, amekonda, zikihisika kama mgongo wa kiganja kilichonyooshwa, yuko sawa, ukilazimika kubonyeza kuzitafuta, amezidi. Mpime kila Jumapili kwa kumbeba juu ya mizani na kutoa uzito wako, uandike. Lengo si awe mnene. Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani uliofuatilia mbwa 48 wa aina ya Labrador tangu utotoni hadi kufa, wakiwa wamegawanywa jozi jozi na mmoja wa kila jozi akipewa chakula pungufu kwa robo. Nusu ya waliopunguziwa walipita miaka 13, wakati nusu ya wenzao waliishia kabla ya miaka 11.2, na maungo ya waliopunguziwa yalibaki mazima kwa muda mrefu zaidi. Wako kwa sasa amekonda na anahitaji kuongezewa, ila ikifika siku majirani wakisema mbona mbwa wako hanenepi, wakati mbavu zinahisika kama kiganja, usiwasikilize.

Kuhusu miguu yenyewe, sijamwona, kwa hiyo siwezi kukuhakikishia. Vifundo vya mbele kulala katika umri wa miezi miwili hadi minne hutokea mara nyingi kwa mbwa wa ukubwa huu, kwa sababu kano ni laini kuliko uzito, na wengi hunyooka ndani ya wiki chache chakula kikirekebishwa na wakitembea kwenye udongo au nyasi badala ya vigae vinavyoteleza. Lakini mguu mmoja kupinda kuliko mwingine, kuchechemea, kulia anaposhikwa, au uvimbe juu ya kifundo, ni dalili za kuumia sehemu inayokua au mfupa uliolainika, na hapo kinachohitajika ni picha ya eksirei, si ushauri wa maandishi. Ikiwa baada ya wiki tatu za chakula kipya hakuna nafuu, mlete pia.

Tumbo kujaa huku mbavu zikionekana kunanifanya nishuku minyoo kabla ya jambo lingine lolote. Minyoo ya duara huvuka kutoka kwa mama kwenda kwa watoto wakiwa bado tumboni, na minyoo ya safura hupitia kwenye maziwa, kwa hiyo kutomwona akila uchafu si ushahidi kwamba hana. Ilipaswa aanze dawa akiwa na wiki 2, arudie kila baada ya wiki mbili hadi wiki 8, kisha kila mwezi hadi miezi sita. Kama hukuambiwa tarehe ulipomchukua, chukulia kwamba hakupewa. Dawa ipimwe kwa uzito wake. Tafadhali usikubali achomwe ivermectin ya ng'ombe kwa kukadiria, jambo ambalo bado linafanyika, kwa sababu tofauti kati ya dozi na sumu kwa mwili wa kilo chache ni tone.

Mpeleke kliniki ya mifugo wiki hii, na kama iko mbali, afisa mifugo wa kata yako atakuelekeza. Ni siku hiyohiyo, bila kusubiri, ikiwa ametapika na kuharisha damu, amekataa chakula kwa siku nzima, fizi zimepauka, amepata degedege, au tumbo limevimba ghafla naye anajaribu kutapika bila kutoa kitu. Chanjo za pavo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, angepaswa kuwa amezianza, na ya kichaa cha mbwa kwa umri wake imeshafika wakati. Nenda na kinyesi cha asubuhi kwenye kopo safi lenye kifuniko, kwa ajili ya kukiangalia kwa darubini, na uchukue pia lile kopo la vidonge vya kalsiamu ili daktari asome kilichomo na kujua ulimpa vingapi.